Mbao Mbichi Hairandwi

Jambo ninaloliandika hapa ni la aibu, na kabla sijashika kalamu nimeomba ruhusa kwa mwenyewe. Mwenyewe ni mjomba wangu, mdogo wake mama, fundi seremala wa Keko. Aliponiruhusu alisema, "Andika, mjomba, lakini jina langu lisitoke. Na usiweke utani mwingi." Ndivyo tunavyoitana, yeye ananiita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo desturi yetu watu wa Pwani. Basi jina sitalitaja. Utani nitajitahidi kuupunguza, ingawa yeye ndiye mwenye utani kuliko mimi.

Swali langu ni hili: mwili wa mtu ukiharibika mahali ambapo yeye na mkewe tu ndio wanaopaona, nani aamue utibiwe vipi? Na kwa kipimo gani tutasema amepona? Ukilisikia upesi utaliona swali jepesi. Mimi nililiona jepesi. Nilikosea, na kosa langu nitalieleza mbele bila kulipaka rangi.

Mjomba ana miaka 52. Anakaa Tandika na mkewe na watoto watatu, na huu ni mwaka wake wa tisa anaishi na kisukari. Mwaka jana, mwezi wa Februari, alianza kusikia maumivu kila uume wake uliposimama. Akapuuza. Baada ya wiki kadhaa akagusa akakuta kinundu kigumu upande wa juu, mfano wa punje ya hindi, chini ya ngozi. Akapuuza tena. Kisha ukaanza kupinda kuelekea juu, kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali tendo la ndoa likawa mateso, halafu likawa haliwezekani kabisa. Mtu wa kazi yake hahitaji kifaa cha kupimia. "Kama nyuzi arobaini hivi," aliniambia. Baadaye daktari alipopima, hakutofautiana naye sana.

Je, alifanya nini? Alinyamaza. Nadhani hii ndiyo tiba ya kwanza wanayoichagua wanaume wengi, na tunaichagua kwa sababu inaonekana haina gharama. Hupangi foleni, huandikiwi cheti, hakuna anayekucheka. Mjomba akaanza kuchelewa kurudi. Akifika anasema amechoka, akipanda kitandani anageukia ukutani. Mkazamjomba wangu akahesabu: mwezi, miezi miwili, minne, minane. Sasa niambie wewe msomaji, mwanamke wa mjini ambaye mumewe amemgeuzia mgongo miezi minane atafikiria nini? Atafikiria kovu chini ya ngozi? Hapana bwana. Atafikiria nyumba ndogo. Akapekua mifuko, akapekua simu, hakuona kitu, na kutokuona kitu kukamzidishia hakika kwamba mwenzake ni fundi wa kuficha. Akaenda kwa somo yake. Somo akamwambia avumilie. Alipokwenda mara ya pili, somo akamwambia adai talaka yake mapema, angali na nguvu za kuanza upya.

Hapo nataka tusimame kidogo. Mwanamke wa kwetu ana somo, mtu aliyemfunda tangu ukigori, na jambo la chumbani likimtatiza anajua mlango wa kubisha hodi. Mwanaume ana nani? Mjomba alitahiriwa jandoni, upande wa Kisarawe, akiwa na miaka tisa. Alifundishwa kwamba ukilia umeuaibisha ukoo. Hakuna aliyemfundisha atasema nini siku kitu hichohicho kitakapomuuma akiwa na miaka 50. Anacho kijiwe, ndiyo. Kijiweni pale Keko wanazungumza Simba na Yanga, bei ya mninga, siasa, na wanawake wa watu. Wanatania sana habari za jogoo kushindwa kupanda mtungi. Lakini ni utani wa jogoo wa mtu mwingine. Sijapata kumsikia mtu akisema, jamani, mimi naumwa.

Siku moja alijikaza akaenda zahanati. Kwenye dirisha la kuandikisha, mbele ya watu wasiopungua 20, akaulizwa kwa sauti kubwa, "Mzee, unaumwa nini?" Akageuka akaiona foleni, kina mama na watoto wao, na kijana mmoja wa mtaani kwao. Akasema, "Mgongo." Akapewa vidonge vya mgongo. Akarudi navyo nyumbani, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kupoteza fedha, akavimeza vyote.

Mimi aliniambia jioni moja pale karakana, vijana wake walipokwisha kuondoka. Alichukua ubao wa mninga uliokuwa umepinda, akauweka juu ya meza ya kazi, akasema, "Unauona huu, mjomba? Basi na mimi nimekuwa hivi." Nikacheka. Nilidhani anasema mgongo, maana mgongo ulishatangazwa. Nilipoona yeye hacheki, nikanyamaza, akanieleza.

Na hapa ndipo kosa langu linapoanza. Mjomba alinichagua mimi kwa sababu nimesoma. Alidhani mtu anayeandika hadithi na mashairi lazima atajua na haya. Sikujua hata kidogo. Lakini badala ya kusema sijui, nilisema, "Usijali, mjomba, hilo dogo." Kesho yake nikamwendea mshikaji wangu mmoja wa Mbagala anayejua kila kitu. Kwa kuona haya, sikumweleza jambo lenyewe. Nilimwambia, "Kuna mzee wangu nguvu zimemwishia." Tazama nilivyofanya: nililibadilisha swali kabla sijatafuta jibu. Mjini kwetu kila shida ya pale mahali ina jina moja tu, nguvu za kiume, na jina hilo limebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme kutoka Mtoni hadi Mwananyamala pamoja na namba ya simu. Mshikaji akanipeleka kwa mtu, mtu akanipa unga kwenye chupa isiyo na karatasi, nikalipa shilingi 30,000. Nikajiona mwema sana.

Usiku alioulamba ule unga, mjomba alianza kuona uso unawaka, moyo unakwenda mbio, kisha kizunguzungu kikamwangusha mlangoni. Tukampakia kwenye bajaji, mimi na mkewe, mbio hospitali. Daktari wa zamu alikuwa dada mmoja wa umri wangu. Akauliza amekula nini, amekunywa nini. Mjomba kimya. Nikaona mtu anaweza kufa hivihivi kwa ajili ya haya, nikasema, "Amelamba dawa ya nguvu. Mimi ndiye niliyemletea."

Mkazamjomba hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Dawa ya nguvu, za kwenda kutumia kwa nani?"

Unaona, ndugu msomaji? Kwake yeye ule unga ulikuwa ushahidi aliokuwa akiutafuta miezi minane. Mume asiyemgusa mkewe ana dawa ya nguvu. Hakimu gani angehitaji zaidi ya hapo? Ndipo mjomba, amelala pale na kipimo cha presha mkononi, akasema neno moja ambalo lingetosha tangu mwezi wa Machi. "Imepinda."

Daktari hakucheka. Alifunga pazia, akamwangalia, akatoka na jina la ugonjwa: Peyronie. Alituambia unga kama ule, unaouzwa kwa jina la mitishamba, mara kwa mara umekutwa sehemu mbalimbali duniani umechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ileile inayojulikana kwa jina la Viagra, bila mnywaji kujua kiasi. Kwa mtu anayetumia dawa fulani za moyo, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha mpaka kuua. Na hata kama ungekuwa salama, haukuwa jibu. Kusimamisha kwa nguvu kitu kilichopinda ni kukitafutia kuumia mara ya pili.

Sasa niueleze ugonjwa wenyewe, maana nimegundua hata sisi wasomi hatuujui. Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama mfano wa sponji, inayojaa damu wakati wa kusimama. Mirija hiyo imefungwa na utando mgumu ambao hutanuka sawasawa pande zote. Utando ukiumia, mara nyingi kwa misukosuko midogo ya chumbani ambayo mtu haikumbuki, kwa baadhi ya watu hujenga kovu. Kovu halitanuki. Upande wake unabaki mfupi wakati mwingine unarefuka, na kitu kinapinda kuelekea kwenye kovu. Wengi wanaopatwa ni watu wazima wa makamo, ingawa vijana nao wamo, na kisukari huongeza uwezekano. Hauambukizi. Si kansa. Si adhabu ya uzinzi, wala hukurogwa. Mjomba alipoelezwa haya akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la ofisini kwake. "Ni ubao uliokauka upande mmoja," akasema. "Upande uliokauka ndio unaovuta."

Baadaye alipelekwa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na ndipo nilipoona kwamba hapa hapakuwa na dawa moja ya kwenda kununua. Palikuwa na njia kadhaa, na kila njia inatoa kitu na kuchukua kitu.

Njia ya kwanza ni kungoja. Kovu lina kipindi cha kujijenga, huku maumivu yapo na mpindo unabadilika, na kipindi hicho huweza kuchukua mwaka au zaidi. Halafu linatulia. Maumivu mara nyingi huisha yenyewe. Mpindo ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 200 ambao hawakutibiwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu kwa wastani, kati ya kila 100, 12 mpindo ulipungua, 40 ulibaki vilevile, na 48 ulizidi. Daktari akasema kwa sababu hiyo hawapasui mapema, hungoja mpaka hali itulie. Mjomba akadakia, "Mbao mbichi hairandwi. Ukiiranda leo ikanyooka, kesho inakauka inapinda upya, nawe umeshaipunguza bure."

Nimeziwaza sana hizo namba, na nakuomba uziwaze pamoja nami. Chukua mganga yeyote, wala asiwe mwongo. Mpe wagonjwa 100 wa namna hii na maji ya kisima. Watu 12 watarudi kumshukuru kwa kupona. Arobaini watasema dawa yako imeuzuia ugonjwa usiendelee. Na wale 48 hawatasema kitu, kwa sababu nani atasimama hadharani kueleza kwamba yake imezidi kupinda? Ugonjwa wa aibu una kawaida hiyo. Waliopata nafuu wana mdomo, walioharibikiwa hawana. Mganga atajiamini kwa dhati, na nguzo ya umeme itabandikwa karatasi nyingine.

Usidhani nawasema waganga wetu peke yao. Jina la ugonjwa huu limetokana na François de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeuandikia mwaka 1743. Unajua aliwashauri wagonjwa tiba gani? Maji ya chemchemi ya Barèges, huko milimani kusini mwa Ufaransa. Naye bila shaka aliwaona waliopata nafuu. Nasi mwaka 2011 tuliona magari yamepangana kilometa nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Walikwenda masikini na walikwenda wakubwa. Mzee yule alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Sisemi haya kumdhihaki yeye wala waliokwenda. Mtu mwenye maumivu hatafuti hesabu, anatafuta aliyepona. Ninachosema ni kwamba aliyepona hawezi kukuambia amepona kwa nini.

Njia ya pili ni vidonge. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliwapa wagonjwa hawa vitamini E na vidonge vingine. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kikatoa mwongozo kuwaambia wanachama wake wasivitoe tena kwa ugonjwa huu, kwa kuwa havijaonyesha faida. Kwa hiyo hata hospitali nayo ilikuwa na maji yake ya chemchemi. Tofauti ninayoiona, na kwangu ni kubwa, ni kwamba hospitali ilijihesabu yenyewe, ikaandika hadharani kwamba tulikosea.

Njia ya tatu ni kifaa cha kuvuta, kinachovaliwa kila siku kwa miezi. Baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu kidogo kwa baadhi ya watu wenye subira.

Njia ya nne ni sindano inayochomwa kwenye kovu lenyewe. Iliyosifika zaidi ni kolajenesi, inayotokana na bakteria na kuyeyusha kovu. Iliruhusiwa Marekani Desemba 2013. Majaribio yake yalihusisha wanaume zaidi ya 800. Waliochomwa dawa, mpindo ulipungua kwa wastani wa asilimia 34. Waliochomwa maji matupu bila kujua, ulipungua kwa asilimia 18. Tazama tena: maji matupu, asilimia 18. Dawa inafanya kazi, lakini si miujiza, na mara chache utando umepasuka kabisa. Mtu huweza kuhitaji sindano nane, na kichupa kimoja kule ni maelfu ya dola. Ulaya nako, mwaka 2020, kampuni iliiondoa sokoni. Mjomba alipouliza, daktari alimwambia kwamba kwa hapa aisahau. Kuna magonjwa ambayo dawa yake ipo, isipokuwa haipo kwako. Hilo nalo ni swali la maadili, ila leo nalipita.

Njia ya tano ni kisu, na hapo fundi alielewa kuliko mimi mwenye vyeti. Kitu kikipinda una namna mbili za kukinyoosha. Unaweza kuupunguza upande mrefu, kwa kukata kidogo au kukunja na kushona, ili ulingane na upande mfupi. Njia hiyo ilielezwa na daktari Nesbit wa Marekani mwaka 1965. Inanyoosha vizuri, lakini unapoteza urefu. Au unaweza kuukata upande mfupi wenye kovu na kuuziba kwa kiraka, urefuke. Hapo urefu unabaki, lakini hatari ya kupoteza hisia za pale mahali, au kushindwa kusimamisha baadaye, ni kubwa zaidi. Kwa mwenye kisukari ambaye tayari nguvu zimeanza kuyumba, daktari hakushauri. Ipo na ya tatu, ya kuweka kifaa bandia ndani, kwa wale ambao kusimama kumegoma kabisa.

Haya, amua. Urefu, au hisia, au unyoofu? Miezi mingapi ya kungoja? Sasa utaona kwa nini nasema ni swali la maadili, na vipimo vya hospitali peke yake havilimalizi. Daktari anaweza kukwambia nyuzi ngapi. Hawezi kukwambia nyuzi 40 zina thamani ya sentimeta ngapi. Hata wale watafiti wa sindano walilijua hili, ndiyo maana walipima mambo mawili, mpindo na kero: walimuuliza mwanaume, jambo hili linakusumbua kiasi gani moyoni? Kwa maana yupo mwenye nyuzi 20 asiyelala usiku, na yupo mwenye 40 anayeishi na mkewe kwa raha. Wapo na waliozaliwa na mpindo wao, hawana ugonjwa wowote. Kumbe kinachoitwa ugonjwa ni mambo matatu yaliyosokotana: maumivu, kizuizi, na aibu. Maumivu huisha kwa kungoja. Kizuizi kinaweza kupasuliwa. Aibu haina kisu, na ndiyo aliyonunuliwa ule unga wangu wa shilingi 30,000.

Rafiki yangu mmoja katika kundi letu la waandishi, tulipolijadili jambo hili Sinza bila kutaja mtu, alisema kwa ukali, "Mwili wa mtu ni wake. Mke hana kura." Zamani ningempigia makofi. Hata leo nakubali nusu: anayelala juu ya meza ya upasuaji ni mmoja, na neno la mwisho ni lake. Mke hawezi kuamuru mumewe akatwe, kama vile mume hana haki ya kuamuru mwili wa mkewe. Lakini rafiki yangu alichanganya uamuzi na ukweli. Uamuzi ni wa mjomba. Ukweli ulikuwa wa wote wawili, kwa sababu gharama ya kunyamaza waliilipa wote wawili, na mmoja alilipishwa bila kuonyeshwa deni. Alikosa usingizi, alijiona amezeeka, aliandaa talaka. Haya yote kwa ajili ya punje ya hindi ambayo hakuambiwa ipo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tunaisema methali hiyo kwa mambo ya mbali, biashara na shule. Mara moja moja inafaa tuisome kama ilivyoandikwa.

Mkazamjomba alipoingia naye kwa daktari bingwa, mjomba alimwambia, "Mke wangu, nikinyooshwa nitapungua. Nisiponyooshwa nitabaki hivi. Unasemaje?" Akajibu, "Mimi sikuolewa na rula." Daktari akainamisha uso kuficha kicheko. Kisha yule mama akasema jambo lililonyamazisha chumba kizima: "Kilichonitesa si hicho. Ni wewe kulala umegeukia ukutani."

Ningependa kuishia hapo niseme mapenzi yameshinda, lakini ningekuwa nakudanganya. Sasa umepita mwaka na miezi kadhaa. Maumivu yamekwisha. Mpindo umesimama palepale, haujabadilika kwa nusu mwaka. Kwa lugha ya Keko, mbao imekauka, sasa inaweza kurandwa. Na hapo ndipo wanapobishana. Mkewe hataki kisu. Anasema kidonda cha mwenye kisukari hakina haraka ya kupona, na kwamba wao wameshajua namna yao ya kukaa, inawatosha. Mjomba anataka. Anasema inamtosha mkewe, haimtoshi yeye, na kwamba mkewe anasema hivyo kwa huruma. Yeye anasema si huruma. Nimewasikia kwa masikio yangu wakibishana barazani, kwa sauti ya chini, watoto wakiwa ndani. Mume ana sababu, mke ana sababu. Sioni nani kati yao amekosea, na sidhani kama hekima ya vitabu itanionyesha.

Juzi aliniuliza, randa mkononi, "Wewe unasemaje, mjomba?" Nikakumbuka ule usiku wa bajaji. Nikamwambia, "Mjomba, mimi sijui." Alinitazama kidogo, akasema, "Ungelisema hivyo mwaka jana," akaendelea kuranda. Nimekubali. Nilikuwa nikidhani ushauri mbaya hutoka kwa watu wabaya. Wangu ulitoka kwenye mapenzi, na ulikaribia kumuua mtu na kuvunja nyumba yake. Kumpenda mtu hakukupi ujuzi wa kumtibu. Nilichopaswa kumpa jioni ile ni vitu viwili tu, kumsindikiza kwa anayejua, na kumwambia amweleze mkewe. Vyote viwili havikuwa na bei.

Basi wewe kijana mwenzangu unayesoma ukurasa huu kwenye daladala umeufunika kwa mkono jirani asione, nakuachia swali kama lilivyo, ulijadili kijiweni kwenu ukiweza. Ila hili moja nakuomba. Siku ukifika dirishani ukaulizwa unaumwa nini, omba kuonana na daktari faraghani, subiri, ingia, funga mlango, useme jambo lenyewe. Usiseme mgongo.